Wake Sita wa Mfalme Henri na Mke Mmoja wa Manah

Mama yangu, Bi Kaltham binti Harub, hatazami saa akichemsha yai. Huanza na Willem Mshindi, akateremka mfalme mmoja baada ya mwingine, Willem wa Pili, Henri, Stefano, Henri tena, Richard, Joni, kwa sauti ile ile anayosomea uradi, na akifika kwa Richard wa Tatu, yule aliyewaweka watoto wa ndugu yake ndani ya mnara wasionekane tena, yai limeiva, ute umeshika na kiini bado laini. Anayelitaka gumu amngoje mpaka Malkia Elizabeti. Sisi wanawe tumekula mayai hayo miaka yote, na tulidhani kila nyumba ina wafalme wake jikoni.

Elimu hiyo aliipata Unguja miaka ya hamsini, skuli ya wasichana, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyevaa soksi ndefu kwenye joto la mwezi wa pili. Bibi huyo aliamini kuwa mtoto wa Unguja hatakuwa mtu mpaka ajue kwa mpango nani alimrithi nani Uingereza, nani alimpindua nani, na nani alikatwa kichwa kwa sababu gani. Mama alikuwa hodari kuliko wote. Mwaka 1974 tulipohamia Oman, mimi Fawziya nina miaka sita na ndugu yangu Ghaith mitatu, wenzake walishuka na mikufu ya dhahabu waliyoificha kwenye mapindo ya nguo. Yeye alishuka na sanduku la kanga na kichwa kilichojaa majumba ya kifalme. Tulikaa Ibra kwa kuwa marehemu Baba asili yake ni Ibra. Babake Mama alikuwa mtu wa Manah, kule karibu na Nizwa, lakini Manah hatukuwahi kufika, na Mama akiulizwa kwa nini, alikuwa anakumbuka chungu jikoni.

Hapa Ibra Jumatano ni siku ya soko la wanawake, na siku hiyo mwanamme haruhusiwi kutia mguu pale. Mama alikuwa na sehemu yake, anauza kanga, udi na manukato. Kusema kweli alikuwa hauzi sana, kwa sababu mteja akishika kanga nyekundu alikuwa anaambiwa habari za malkia wa Uskochi aliyevaa rangi hiyo siku ya kuuliwa kwake, na mteja akikaa kusikiliza, na wa pili akikaa, mwisho adhuhuri inaadhiniwa na kanga bado zimekunjwa. Kiarabu chake kilikuwa na lafudhi ya Unguja, wenyeji walimcheka kidogo, lakini hawakuondoka.

Mwaka 1997 Ghaith aliingia nyumbani akamwamkia Mama shikamoo kwa sauti ndefu. Mimi nikajua ana haja. Shikamoo yake ya kila siku huisha kabla hajavua viatu.

"Marahaba. Sema," Mama alimwambia.

Alikuwa anamtaka Wadha binti Thani. Wadha ni mwalimu mwenzangu, tunasomesha skuli moja, mwanamke mcheshi, na mimi ndiye niliyemtia Ghaith maneno, kwa hiyo sikufungua mdomo. Mama alifurahi mpaka akaungua kidole kwenye birika. Kwetu mambo haya huanza kwa wanawake, basi tukenda. Mzee Thani, babake Wadha, alikubali tangu mwanzo, na mkewe pia. Lakini walituambia wazi kuwa neno la mwisho liko kwa mamake Thani, Bibi Mabruka, na kwamba asipotaka yeye hapana atakayesogea.

Bibi Mabruka alikuwa na miaka sabini na mbili, mwembamba, mgongo umenyooka, na barakoa usoni ambayo juu yake uliyaona macho mawili tu yakikuhesabu. Alitupa tende, alitupa kahawa, alituuliza hali ya kila mtu mpaka ya mbuzi, na kuhusu Wadha hakusema lolote ila inshallah. Sasa inshallah ina sura nyingi. Yake ilikuwa ile ya mtu anayetaka uondoke.

Mama hakukata tamaa. Jumatano iliyofuata, soko lilipomalizika, alinichukua tukarudi kwa kahawa ya alasiri. Kimya. Jirani wawili walikuwepo nao wakanyamaza. Mama yangu anaweza kustahamili njaa, homa na jua la mwezi wa sita, lakini kimya hawezi. Akaanza kumsimulia Bibi Mabruka habari za Mfalme Joni, jinsi masheikhe wa nchi yake walivyomzunguka uwanjani wakamlazimisha kutia muhuri karatasi kwamba hatawadhulumu tena.

Bibi Mabruka alitazama pembeni, halafu akauliza, kwa Kiarabu cha Ibra bila shaka, maana Kiswahili hakujua:

"Na alitimiza?"

"Aliivunja kabla wino haujakauka, khalti," Mama alimjibu, akimwita mama mkubwa kwa heshima.

"Nilijua," alisema Bibi Mabruka, na akatumiminia kahawa kwa mkono wake.

Jumatano ya tatu jirani walikuwa sita. Ya nne walikuwa kumi na moja, na Wadha akipita na sinia ananikonyeza. Bibi Mabruka ndiye aliyekuwa anaamrisha watu wanyamaze. Aliwapanga wafalme kwa namna yake: huyu mkorofi, huyu mjinga, huyu alilelewa vibaya. Kuhusu zile koo mbili za ndugu, ya waridi jekundu na ya waridi jeupe, zilizopigana miaka thelathini, alisema ni ugomvi wa falaji tu, wa mfereji wa mashambani, wangegawana zamu za maji yangekwisha. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Kwenye gari Mama aliniambia, "Mwanangu, harusi tunayo," na mimi nikamwamini.

Jumatano ya tano alimfikia Henri wa Nane.

Mama anampenda Henri wa Nane kama watu wengine wanavyopenda ndizi za kukaanga. Ni kipande chake. Aliwasimulia mfalme mnene mwenye wake sita, na wanawake wakamuuliza swali ambalo bibi wa soksi ndefu hakuwahi kuulizwa: kwa nini ajisumbue kumwacha wa kwanza, si angeongeza wa pili? Mama akaeleza kuwa dini yao haimruhusu, na mkubwa wa dini kule Roma alikataa, na Henri akaona afadhali avunje na Roma nzima kuliko kumkosa kijana mmoja wa kike, jina lake Ana, macho meusi, mwenye maneno matamu. Na Katarina, yule mke wa kwanza, yumo ndani ya nyumba miaka ishirini, hataki kuondoka. Hapo Mama alijitia kiherehere. Alijikunja mgongo akajifanya bibi kizee.

"Roho ya mume imeshaoa kwengine," alisema, "na yeye bado anamshonea mashati. Kanzu za kitani, kila mwaka, anampelekea. Ana akikasirika: kwani huyu mzee hana haya? Na Katarina yuko na sindano yake, tiki, tiki, tiki."

Wanawake walicheka. Nilicheka na mimi, siwezi kudanganya. Bibi Mabruka hakucheka. Alikitikisa kikombe chake cha kahawa, ile ishara ya kwamba nimetosheka, akakiweka kwenye sinia, akainuka akaingia ndani. Hakutoka tena.

Siku ya pili Mzee Thani alimpigia simu Ghaith. Hapana nasibu, alisema. Maneno hayo huku kwetu ni mlango uliofungwa kwa adabu, na ukishafungiwa hivyo huwezi tena kurudi katika nyumba ile. Ghaith alikaa kwenye kochi na simu mkononi kama mtu aliyesahau namba. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia Mama, na nilimwambia. Nilimwambia kuwa ametuharibia kwa ulimi wake. Hakunijibu, na Mama kutokujibu ni jambo la kutisha.

Wadha ndiye aliyenifungulia macho, chumba cha walimu, mlango umerudishwa. Babu yake aliondoka Ibra mwaka 1947 kwenda Unguja. Alimwambia Bibi Mabruka kwamba anakwenda misimu miwili. Alikaa miaka kumi na saba. Alioa kule, mwanamke kijana, na habari ilimfika Bibi Mabruka kwa mdomo wa msafiri. Hakusema neno. Alimlea Thani peke yake, na kila mwaka kabla ya Idi alimtarizia mumewe kofia, miezi mitatu ya sindano kila moja, akaipeleka kwa wanaosafiri. Kofia kumi na saba. Mumewe alirudi baada ya mapinduzi hana kitu, akaishi naye mpaka akafa, na kofia hazikutajwa.

"Bibi anasema Afrika ilimchukulia mume," Wadha alisema, "na sasa mtoto wa Afrika anamtaka mjukuu wake. Lakini, wallahi, Fawziya, alikuwa ameshaanza kulainika. Mamako alimlainisha. Halafu zile shati."

Nilimpelekea Mama habari hiyo jioni, nimeshajitayarisha kugombana tena. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akausukuma ungo, akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake kwa miaka ishirini na tisa.

"Kwetu Unguja zikija pia. Kofia. Kila mwaka, kwa babaangu, ndani ya kitambaa cheupe. Mamaangu akizichukua kabla Baba hajarudi kutoka dukani. Akinipa mie. Mie nikimvisha paka."

"Nani alikuwa anazileta?"

"Mkewe wa Manah. Wa mwanzo. Kabla ya mamaangu." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi yule skuli alitufundisha kuwa Ana ndo mwenyewe, ndo aliyemzaa Elizabeti. Katarina kazi yake kuzuia njia. Nami nikaona sawa sawa, kwa sababu mie ni mtoto wa Ana, Fawziya. Hata siku moja sikukaa upande wa pili."

Nilimwonea uchungu, na hasira yangu ikaniishia.

Jumatano ya sita alifunga soko mapema, akavaa nguo nyeusi safi, akaniambia nimpeleke. Nilimkumbusha kuwa tumeshapewa hapana nasibu na kwamba ni aibu kurudi. Akasema aibu anayo tayari, moja zaidi haitamzidishia mzigo. Mkamwana wa Bibi Mabruka alipotuona mlangoni alishindwa la kufanya, akatupitisha. Jirani walikuwepo. Bibi Mabruka hakumtazama.

"Nimekosea kisa, khalti," Mama alisema bado amesimama. "Nimekuja kukirudia. Nikimaliza nitaondoka."

Hakungoja ruhusa. Alianza na mtoto Katarina katika jumba la Granada, kwenye mabwawa na michungwa, na hapo Bibi Mabruka akamkata kauli.

"Wazee wake ndio waliowatoa Waislamu Andalusi?"

"Ndio hao."

"Basi mengine amelipwa."

Mama akaendelea. Msichana wa miaka kumi na tano aliyepelekwa nchi ya baridi hajui lugha yao. Aliyefiwa na mume wa kwanza baada ya miezi mitano, akaachwa miaka saba hana hata nguo mpya, mpaka ndugu wa marehemu, Henri, alipomwoa. Aliyezika watoto watano akabakiwa na binti mmoja. Mfalme alipokwenda vitani Ufaransa, Katarina ndiye aliyeachiwa nchi, na Waskochi walipovamia alipeleka jeshi likawashinda, na mfalme wao akauawa uwanjani. Na siku Henri alipomshitaki mbele ya makadhi wa dini yao ili amwache, alipiga magoti mbele ya mumewe, watu wote wakitazama, akamuuliza amemkosea nini katika miaka ishirini. Halafu akainuka akatoka. Wakamwita jina lake mara tatu arudi. Hakurudi.

"Wakamwambia akubali tu kwamba hakuwa mke, apewe nyumba nzuri na heshima," Mama alisema. "Akakataa. Wakampunguzia kuni, wakampunguzia watumishi, wakamzuilia bintiye. Akakataa. Mpaka anakufa alikuwa anatia saini yake, Katarina Malkia. Na zile shati, khalti, hakuzishona kwa ujinga. Zilikuwa kazi yake, hakutaka kumwachia mwengine."

Bibi Mabruka alikuwa anatazama vidole vyake.

"Huyo Katarina ana bahati," alisema mwisho. "Mumewe ilibidi agombane na dunia nzima ili amwache. Wangu aliondoka, akaoa, na hakugombana na mtu."

Mama alikaa chini, palepale karibu na mlango, akamweleza habari za kofia za babake na za paka. Hakujipamba. Nilikuwa nataka kuingia chini ya zulia.

"Zilikuwa nzuri?" Bibi Mabruka aliuliza.

"Sikupata kuona kazi nzuri kama ile."

"Na huyo mke wa babako. Jina lake nani?"

Mwanamke anayejua wake sita wa Henri kwa mpango, na mama zao, na mwaka wa kila mmoja kufa, alijifunika uso kwa mtandio. Hajui. Nyumbani kwao mke huyo alikuwa anaitwa yule wa Oman.

"Katafute jina lake," alisema Bibi Mabruka. "Ukishalijua, njoo tuzungumze habari ya Wadha."

Ijumaa alfajiri tulikuwa barabarani, Ghaith anaendesha mbio kama aliyepakia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Tulizunguka kwa njia ya Izki, tukafika Manah jua limeanza kuuma. Mama alikuwa na jina la babake na la babu yake tu. Tuliuliza msikitini watu walipotoka sala, na mzee mmoja akatupeleka nyuma ya mtaa wa zamani, kwenye nyumba ya saruji pembeni ya shamba la mitende, kwa bibi aitwaye Shukriya. Shukriya aliposikia jina la Harub aliweka chini jembe lake.

"Alikuwa mume wa shangazi yangu," alisema. "Asya binti Sleyum. Ndiye aliyenilea. Alikufa mwaka wa sabini na mbili."

Miaka miwili kabla hatujafika. Mama alilirudia jina kwa sauti ndogo, mara moja, mara mbili.

"Na wewe ni nani?" Shukriya aliuliza.

"Mimi binti yake Harub. Naitwa Kaltham."

Bibi yule alimshika mabega. "Wewe ndiye Kaltham? Kila msafiri aliyerudi kutoka Unguja alikuwa anamuuliza: Harub ana watoto? Wakamwambia anaye mmoja, binti, Kaltham. Shangazi hakujaaliwa kuzaa. Alikuwa anakuombea dua kwa jina lako. Aliuliza kama umeota meno. Aliuliza kama umehitimu Kurani. Ulipougua surua alifunga siku tatu."

Mama alilia, Shukriya akalia, mimi nikalia, na Ghaith akajitia anakagua matairi. Halafu tulilishwa mpaka tukashindwa kupumua, maana Shukriya alichinja, na alikasirika tulipotaka kuondoka kabla ya alasiri. Alimwonyesha Mama chumba cha Asya, dirisha alilokuwa anakaa na sindano yake. Akaja nasi mpaka makaburini tukamsomea. Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa anasema peke yake, na mara nyingine anacheka, na mimi sikumkatiza.

Hakungoja Jumatano. Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bibi Mabruka, na safari hii hakukaa karibu na mlango.

"Anaitwa Asya binti Sleyum," alisema. Na akamweleza dua, na meno, na surua.

Bibi Mabruka aliivua barakoa yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu, akajifuta uso. Alikuwa na sura ya upole kabisa.

"Sikupata kumuombea mtu wa kule," alisema. "Sina moyo wa huyo Asya. Siwezi kusema uongo." Alipumua. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Ya Wadha, acha kusikiliza nyuma ya pazia, kamwite babako aje amjibu huyu kijana."

Kikombe kilianguka jikoni kikavunjika, na hapana aliyejali.

Akidi ya ndoa ilifungwa mwezi uleule, na karamu ya wanawake ilikuwa uani kwa Mzee Thani, taarabu kwenye kaseti upande mmoja, ngoma za wenyeji upande wa pili, na kina mama wa Ibra wakijaribu kufuata mapigo ya kaseti kwa mabega. Wadha alivaa kijani. Mama alicheza mpaka mtandio ukamdondoka. Alipokaa kupumzika karibu na Bibi Mabruka, alipita bibi mmoja mgeni, mtu wa Manah aliyeolewa huku, akauliza huyu mamake bwana harusi ni wa wapi.

"Wa kwenu," Bibi Mabruka alimjibu. "Nyumba ya Asya binti Sleyum."

Yule bibi alifikiri. "Asya nikimjua. Nilidhani hakujaaliwa mtoto."

"Alijaaliwa," alisema Bibi Mabruka, na akamsogezea Mama mto wa kuegemea.